Kundi la kwanza kwenda Uingereza kuona makanisa na ngome za kale: tupeane uzoefu

Mwanakwaya wa Pwani: Wakuu, habari za jioni. Jumapili kanisani wametangaza mchango wa safari ya kwaya kwenda Uingereza mwakani. Orodha ikasomwa: Westminster Abbey, Tower of London, Stonehenge, Canterbury. Moyo ulinipiga paa, maana nilikuwemo kwenye kundi la kwanza kutoka kwetu, na yapo mambo hatukuambiwa na mtu. Mliokwenda kwa makundi njooni hapa kabla vijana hawajalipa nauli.

Naanza mimi. Westminster Abbey, katikati ya kanisa, kuna jiwe jeusi sakafuni, kaburi la David Livingstone, yule mmisionari na mvumbuzi wa Kiskoti aliyefia huku Afrika. Sisi wengi ni watu wa Bagamoyo, tumekua tukiusikia mwili ule ukitajwa. Mwongozaji alimsifu sana, akafika kwenye maneno ya jiweni, kwamba aliletwa na mikono aminifu, nchi kavu na baharini. Akataka kupita. Mwalimu wetu mstaafu akamuuliza taratibu, "Mikono ya nani?" Akajibiwa, ya watumishi wake. Basi mwalimu hakuondoka. Akawataja mmoja mmoja: Abdullah Susi, James Chuma, Jacob Wainwright. Akaeleza moyo wa Livingstone ulivyozikwa chini ya mti kijijini kwa Chitambo, Zambia ya leo, Mei 1873, mwili ukatiwa chumvi, ukaanikwa juani, ukabebwa miezi kwa miezi mpaka Bagamoyo, Februari 1874. Wainwright alikuwa miongoni mwa wasindikiza jeneza siku ya mazishi, 18 Aprili 1874. Susi na Chuma walifikishwa Uingereza mazishi yameshapita. Watu tusiowajua wakaanza kusogea kumsikiliza. Majina yale jiweni hayamo, na mpaka leo yananiuma.

Binti Pangani: Umenitonesha kidonda. Na mimi niliyatafuta majina yao pale nikayakosa.

Mzee wa Kilwa: Mnalia nini? Huyo ndiye aliyewachorea wakoloni ramani. Nauli yote hiyo kwenda kuinamia kaburi lake?

Mwanakwaya wa Pwani: Shikamoo mzee wangu. Nimewataja waliombeba.

Mzee wa Kilwa: Marahaba. Kwa hao tuko pamoja.

Mkunazini: Mzee, alipinga biashara ya watumwa, hilo nalo usilifute. Njoo Unguja uone msalaba ndani ya kanisa letu, inaelezwa ulichongwa kwa mti ule ule wa kwa Chitambo. Na kanisa lenyewe limejengwa palipokuwa soko la watumwa.

Mzee wa Kilwa: Sijafuta kitu. Nimeuliza swali.

Mama Wawili: Stonehenge jamani, lile duara la mawe ya kale! Uwanda mtupu, upepo unapiga mpaka kitenge kinataka kuruka. Kutoka wanapokatia tiketi mpaka kwenye mawe ni zaidi ya kilomita mbili, mnapelekwa kwa basi dogo. Mawe makubwa yana uzito wa tani zaidi ya 20, mengine madogo yalitoka Wales. Lakini kuna kamba, hugusi. Bibi mmoja wa kundi letu alinyoosha mkono tu, akazuiwa kwa adabu. Akasema, "Nimetoka Moshi niangalie mawe kwa mbali?" Alinuna mpaka London.

Mratibu wa Msafara: Ndugu zangu, ya mawe na baridi ni madogo. Niliratibu msafara wa kwaya ya vijana. Kanisa kuu la Canterbury lilikuwa la mwisho, kesho yake uwanja wa ndege. Tukaoneshwa mahali Thomas Becket, askofu mkuu wa pale, alipouawa na askari wanne wa mfalme, 29 Desemba 1170. Tukapanda ngazi za mawe zilizolika kwa miguu na magoti ya mahujaji, tukafika panapowaka mshumaa, palipokuwa na kaburi lake kabla Mfalme Henry VIII hajaamuru livunjwe mwaka 1538. Tuliomba ruhusa, tukaimba wimbo mmoja. Kuna kijana wa sauti ya tatu, siku hiyo aliimba kuliko siku zote.

Nikawapa muda wa kununua zawadi, tukutane langoni saa tisa. Saa tisa hayupo. Saa kumi hayupo, simu imezimwa. Dereva anasema sheria yao inampimia saa za kuendesha, hawezi kungoja zaidi. Tukagawana, wengine wakarudi kanisani, wengine vichochoroni, mabinti wanaita jina lake barabarani huku wanalia. Nikaripoti polisi. Wakauliza umri, wakaandika, wakaniambia huyo ni mtu mzima.

Usiku nikafungua begi lake. Joho la kwaya limekunjwa vizuri, kola juu, daftari la nyimbo pembeni. Nguo zake za kawaida, hata soksi moja haimo. Nikakaa chini sakafuni. Alfajiri mama yake akapiga: "Mwanangu umemwacha wapi?" Sikuwa na la kumwambia. Na mwaka uliofuata parokia jirani wakaomba viza, wakanyimwa karibu wote.

Binti Pangani: Mungu wangu. Pole sana kaka.

Dereva Msomi: Alizamia huyo. Ndiyo maana pasi za kusafiria zikusanywe mkishuka tu kwenye ndege.

Mama Wawili: Unamnyang'anya mtu mzima pasi yake kwa sheria gani? Akiugua usiku je?

Dereva Msomi: Kwa sheria ya kuwalinda wengine wasinyimwe viza kwa ajili ya mtu mmoja!

Kijana wa Leicester: Msimhukumu. Niko huku, nawajua walioingia hivyo. Wanalala watu sita chumba kimoja, na hata msiba wa mzazi hawawezi kwenda. Hakuna anayekunja joho vizuri namna ile huku ana furaha.

Mzee wa Kilwa: Aliwaaga kwa kuimba. Masikini.

Mkunazini: Turudi kwenye safari jamani, vijana wanataka ushauri. Westminster Abbey msiende Jumapili kutalii, siku hiyo ni ya ibada tu. Ibada ya jioni haina kiingilio, mnaingia kusali na kusikiliza kwaya yao.

Dereva Msomi: Lakini ukiingia kwa ibada huzunguki makaburini. Anayetaka kufika kwa Livingstone akate tiketi mapema.

Mama Wawili: Tower of London, ile ngome ya kale, mnapita mbele ya mataji ya kifalme mkiwa mmesimama kwenye mkanda unaotembea. Ile almasi kubwa ya fimbo ya mfalme ilichimbwa Afrika Kusini mwaka 1905. Ukimaliza, zunguka upande tena. Mimi nilirudia mpaka nikashiba. Na bebeni chapati, chakula ni ghali.

Binti Pangani: Chapati za nini, tafuteni duka la kawaida mnunue mkate. Bebeni viatu vya kutembelea. Wenye visigino wote walirudi hotelini peku.

Mwanakwaya wa Pwani: Mratibu, swali moja. Kamati inakaa Jumamosi. Pasi tukusanye au tusikusanye?

Mratibu wa Msafara: Zikae kwa wenyewe. Ila waiteni wazazi kikaoni kabla ya kulipa hata shilingi, na niiteni na mimi. Nitakuja na lile joho.