Wauza vizimba vya nyoka, acheni kushikiza matawi kwa selotepu!

Wakuu, nina hasira na leo sizimezi.

Nafuga chatu wa kijani wa mitini, jike, bado mdogo. Anayemfahamu nyoka huyu anajua tawi ndiyo nyumba yake: hapo hulala, hapo huvizia, hapo hujikunja na kuweka kichwa katikati ya mikunjo. Niliponunua kizimba kilichotangazwa "tayari kwa nyoka wa mitini", swali langu la kwanza lilikuwa matawi. Nikajibiwa kwamba yako imara.

Usiku wa nne nikasikia kishindo. Tawi kubwa limeng'oka upande mmoja na kulalia bakuli la maji. Kumbe liliegemezwa kwa vile vikombe vya mpira vya kunata kwenye kioo, ndani ya kizimba kinachonyunyiziwa maji kila siku! Halafu aliyekitengeneza akazungushia selotepu na kuifunika kwa majani ya plastiki. Nyoka wangu alikuwa amenasa humo, kifuani, urefu wa shubiri nzima. Kila akijivuta, magamba ya tumbo yanainuka. Nilikaa sakafuni zaidi ya saa nzima na mafuta ya kupikia na pamba, nikilainisha gundi gamba kwa gamba. Hata hivyo matatu yaling'oka na kuacha nyama nyekundu. Sasa anatibiwa na daktari wa mifugo.

Nilipompigia muuzaji, akasema nyoka wangu ana fujo. Fujo! Nyoka wa mitini amepanda tawi, hiyo ndiyo fujo?

Selotepu haiingii ndani ya kizimba cha nyoka, kwa sababu yoyote ile. Tawi hukaa kwenye vishikizo vilivyopigwa skrubu ukutani, likalale mlalo, na kabla nyoka hajaingia ulikandamize kwa mkono kwa nguvu kuliko uzito wake. Unene wake uwe kama wa mwili wa nyoka pale aliponenepa zaidi. Na litoke! Chatu huyu havutwi kutoka kwenye tawi, kwani mkia na uti wake wa mgongo huumia kirahisi, hasa akiwa mdogo. Unanyanyua tawi pamoja naye. Matawi mengine ya kizimba hiki yamegandishwa kwa gundi, kwa hiyo hata kuyasugua kinyesi kilichokauka siwezi, na ukungu umeshaanza kwenye maungio. Mimi nilizoea kutoa tawi, kulisugua kwa maji ya moto na sabuni, kulisuuza na kulikausha kabisa kabla ya kulirudisha.

Tena tawi la juu liko vidole vitatu tu kutoka kwenye balbu ya joto, na balbu yenyewe haina wavu. Nyoka hujizungushia balbu akaungua taratibu bila kukimbia. Hilo nililiona mapema nikaizima, la sivyo leo ningekuwa naandika habari nyingine.

Namtaka arudishe pesa na alipe matibabu, na aliyewahi kuuziwa kizimba cha namna hii afunue majani ya plastiki leo hii aangalie kilichopo chini yake. Tangazo bado liko hewani kwa picha ileile. Ikuze upande wa kulia, karibu na bakuli: ukingo wa selotepu unang'aa hapo.