Wakuu, nihamishe kompyuta za steshenari kwenda Linux au nitafukuza wateja?

MamaTona

Wakuu habari za jioni. Nina steshenari ndogo hapa Morogoro, njia ya kwenda chuo. Kompyuta tatu, zote Dell OptiPlex 3020 za mtumba zenye RAM ya GB 4, mashine moja ya fotokopi na printa mbili. Kazi zetu mnazijua: CV, barua za maombi, mitihani ya shule za msingi, kadi za michango ya harusi, na ukifika msimu wa ripoti za fildi na tasnifu hatulali.

Niseme ukweli hata kama naumbuka. Windows zangu zote tatu ni za kuamshwa, yaani hazina leseni halali. Fundi alikuja na flashi yake, akazima antivairasi, akabonyeza vitu viwili vitatu, akachukua elfu kumi kwa kila mashine, akaondoka. Office hivyo hivyo, Photoshop hivyo hivyo. Miaka minne sikuwahi kujiuliza kwa nini kila akija lazima aanze kwa kuzima antivairasi.

Wiki iliyopita binti wa mwaka wa tatu alileta flashi aprinti sura ya nne. Kuchomeka tu, folda zote zimekuwa shotikati. Ukibofya, hakuna kitu. Binti akaanza kulia palepale kaunta, foleni nyuma yake inamtazama. Nikamwambia flashi yako ina virusi mwanangu. Akanijibu kwa upole kabisa, "Mama, flashi nimenunua juzi, na sijaichomeka popote zaidi ya hapa kwako jana." Nilitamani ardhi ipasuke. Kesho yake nikasikia kwenye grupu lao la darasa wameandikiana wasije kwangu, flashi zinakufa. Sasa nawaona wanavuka barabara kwenda kwa jirani.

Mdogo wangu ananiambia niachane na Windows niweke Linux, mfumo mwingine wa kuendesha kompyuta, eti ni programu huria, bure na halali, virusi havisumbui. Jirani yangu anasema nikithubutu nitafunga duka ndani ya mwezi, kwa sababu kila mteja anakuja na faili la Word. Nimsikilize nani? Na ile kazi ya binti ndiyo imepotea jumla? Flashi yake bado ninayo, nilimwomba aniachie.

---

Bisibisi

Mama, tuanze na flashi ya binti kabla hujaiformati. USIIFORMATI. Kazi haijapotea. Virusi vya aina hiyo huwa havifuti kitu, vinazificha folda kwa kuziwekea alama ya "fichwa" halafu vinatengeneza shotikati zenye majina yale yale. Mtu akibofya shotikati anaviamsha, vinaingia kwenye kompyuta, na kila flashi inayofuata inapata zawadi.

Fanya hivi. Tafuta flashi nyingine ya GB 8, nenda kwa mtu mwenye kompyuta safi, pakua Linux Mint (aina ya Linux iliyo rahisi kuzoea) toleo la Xfce, lile jepesi, iandike kwenye flashi kwa programu ya Rufus. Rudi dukani, chomeka, washa Dell huku unagongagonga F12, chagua flashi. Mint itawaka kutoka kwenye flashi bila kugusa diski yako hata kidogo. Mashine ikishawaka chomeka flashi ya binti. Linux haijali ile alama ya kufichwa, kwa hiyo utaziona folda zake zimekaa kama alivyoziacha, pembeni ya vishotikati vya uongo. Nakili folda kwenye flashi mpya, mpelekee. Ukimaliza hapo tutaongea habari ya kuhama.

Tena nikuonye, maana mdogo wako amekudanganya nusu. Virusi vya Windows havifanyi kazi kwenye Linux, kweli. Lakini faili lenye virusi linaweza kulala kwenye kompyuta yako likiwa zima na ukamnakilia mteja mwingine mwenye Windows. Duka lako linakuwa halina ugonjwa ila linabeba. Shotikati na vifaili vya ajabu ukiviona kwenye flashi ya mtu, vifute na umwambie.

Halafu hizo 3020 zina prosesa za kizazi cha nne cha Intel. Windows 11 inataka kizazi cha nane kwenda juu na TPM 2.0 (chipu ya usalama), na Windows 10 Microsoft waliacha kuihudumia tarehe 14 Oktoba 2025. Walitoa nyongeza ya huduma ya mwaka mmoja kwa mtu wa kawaida anayejiandikisha, lakini hiyo ni ya mwenye Windows halali, siyo ya fundi wa elfu kumi. Kwa hiyo hata ukibaki ulipo, umebaki kwenye nyumba ambayo mwenye nyumba ameacha kuziba paa.

---

Mhesabu

Mimi nitakuwa mkorofi kidogo. Vijana wa Linux huwa wanaongea kama walokole, ukiuliza swali la biashara wanakujibu kwa ushuhuda.

Dada, wewe huuzi kompyuta, unauza karatasi. Mteja akileta tasnifu ya kurasa 80 aliyoiandika kwenye Word akakuta kwako imekuwa kurasa 83 na orodha ya yaliyomo imehama, hatakuuliza falsafa ya programu huria. Ataondoka. Mimi nafanya hesabu za wafanyabiashara, natumia Tally, programu ya uhasibu, na Tally haina toleo la Linux. Ndugu zangu wa kadi za harusi wana mafaili ya Publisher, programu ya Microsoft ya kupangia kadi, ya miaka kumi. Nani atawachorea upya?

Na siyo maduka tu. Jiji la Munich, Ujerumani, liliamua mwaka 2003 kuhamia Linux. Walitumia miaka kumi, wakafikisha karibu kompyuta 15,000, na mwaka 2017 baraza la jiji likapiga kura kurudi Windows. Wajerumani hao, wenye bajeti na mainjinia. Wewe una mfanyakazi mmoja anayekula mchana saa tisa.

Ila kwenye hilo la kuamshwa nakubaliana na wenzangu. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ni ya mwaka 1999, siyo habari mpya. Ushauri wangu: nunua leseni halali kwa mashine moja, hizo mbili fanya unavyotaka. Na leseni usinunue kwa mtu anayekutumia namba ya siri kwa WhatsApp kwa bei ya chipsi kuku.

---

MzeeWaMlimani

Mhesabu umenichekesha na walokole, lakini Munich umeisimulia nusu. Uamuzi wa kurudi ulikuwa na siasa nyingi kuliko ufundi, na hapohapo Ujerumani jimbo la Schleswig-Holstein lilitangaza mwaka 2024 kwamba linahamisha kompyuta 30,000 kwenda LibreOffice, programu huria ya ofisi kama Word na wenzake, na Windows ifuate kuondoka. Ukitaka mfano wa waliokaa, polisi wa Gendarmerie wa Ufaransa wana Linux yao wenyewe ya aina ya Ubuntu tangu miaka ya 2000 na hawajarudi. Na angalia walichotanguliza: walihama kwanza programu za ofisi na kivinjari, wakiwa bado ndani ya Windows. Watu walipozoea, mfumo wa chini ukabadilishwa na wengi hawakuona tofauti. Hilo ndilo somo la mama.

Sisi wengine tuliyaona haya mapema. Desemba 2004, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, mradi wa Kilinux ulitoa Jambo OpenOffice, programu nzima ya ofisi kwa Kiswahili. Nilikuwa kwenye maabara moja siku hizo. Nakumbuka mhadhiri mmoja, mtu wa Kiswahili sanifu kabisa, amekaa mbele ya kioo anatafuta "Save". Neno "Hifadhi" linamtazama usoni, yeye anatafuta "Save". Tulicheka, lakini ndivyo ilivyo: kilichotufunga hakikuwa leseni, kilikuwa vidole. Vidole vimeshajua wapi pa kwenda.

Halafu tusiseme ya kuamshwa kama vile ni tabia ya Mwafrika. Mwaka 1976 Bill Gates aliandika barua ya wazi kuwalaumu Wamarekani wenzake waliokuwa wakinakili BASIC yake, programu ya lugha ya kuandikia programu, bila kulipa. Kunakili kulianza na wao. Tofauti ni kwamba miaka kumi na tano baadaye Linus Torvalds, mwanafunzi wa Helsinki, alitoa kazi yake watu wainakili, na mwaka 1992 akaiweka chini ya leseni inayosema ruksa, ila ukiibadilisha na kuigawa, wape wengine ruksa ile ile. Kwenye simu yako ya Android, mama, kiini chake ni hicho hicho cha Linux. Umekuwa nacho mkononi muda wote unavyoogopa.

Kwa vitendo: leo hii weka LibreOffice kwenye kompyuta moja ukiwa bado na Windows. Nenda kwenye mipangilio ya kufungua na kuhifadhi, uiambie ihifadhi kwa docx, aina ya faili ya Word, siku zote, la sivyo itakutolea odt, aina yake yenyewe, na mteja ataanza maswali kwenye simu yake. Habari ya kurasa 80 kuwa 83 mara nyingi ni fonti. Fonti za Liberation zimetengenezwa ziwe na upana ule ule wa Times New Roman na Arial, na Carlito ni mbadala wa Calibri kwa upana ule ule. Zikiwemo, mistari haikimbii. Zinazokimbia ni picha zilizoelea juu ya maandishi na milinganyo ya hesabu, na hizo hata ukitoka Word ya zamani kwenda mpya zinakimbia.

---

Bisibisi

Nikazie la mzee. Na kabla ya kuhama uliza printa zako. Za HP nyingi zinakubali zenyewe. Mashine kubwa za fotokopi ndizo za kutafutia draiva mapema, nyingine zipo kwenye tovuti ya kampuni, nyingine utahangaika. Jaribu ukiwa kwenye ile flashi ya Mint, usisubiri ufute Windows ndiyo ugundue. Na hizo diski za kuzunguka toa, weka SSD, diski isiyozunguka na yenye kasi. Nusu ya sifa wanazoipa Linux ni SSD.

---

MamaTona

Nimerudi wakuu, wiki tatu zimepita, nilikuwa kimya kwa sababu nilikuwa kazini.

Kwanza binti. Nilifanya kama Bisibisi alivyosema, nikiwa natetemeka. Mint ikawaka, nikachomeka flashi yake, na folda ikatokea: "SURA YA NNE MPYA KABISA 2". Zote zilikuwepo, hadi picha za mahafali ya kaka yake. Nikampigia, akaja mbio na kandambili. Nilimprintia sura nzima bure nikamnunulia na flashi. Hakusema kitu kwenye grupu, au kama alisema sijasikia, ila wiki hii amekuja na wenzake wawili.

Kompyuta ya kwanza, ile ya kaunta inayopokea flashi, sasa ni Mint na SSD. Hiyo haigusi mtandao wala barua za mtu, inafungua, inaprinti, inaskani. Ya pili ina Windows bado lakini yenye LibreOffice, kijana anajifunzia hapo. Alinuna siku mbili. Siku ya tatu nikamkuta amegundua kitufe cha kutoa PDF moja kwa moja bila kupitia popote, anawaonyesha wateja kama yeye ndiye kakitengeneza. Ya tatu, Mhesabu, nimekusikiliza: nimenunua mashine nyingine ya mtumba, ya kizazi cha nane, imekuja na Windows 11 yenye leseni yake, kwa ajili ya kadi za Publisher na wateja wakaidi. Imeniuma mfukoni. Ile Dell ya zamani nimempa mwanangu wa darasa la sita.

Yaliyonishinda nayo niyaseme. Mashine ya fotokopi, sitaitaja kampuni, nimepata draiva yake na inaprinti, lakini stapling na pande mbili kwa pamoja havijatulia, kwa hiyo vitabu navituma kutoka ile ya Windows. Picha za pasipoti kwenye GIMP, programu huria ya kuhariri picha, bado ni mwendo wa kobe. Nilizoea Photoshop kubonyeza kitufe kimoja fundi alichonitengenezea kikapanga picha nane kwenye karatasi. Jana mteja alinisubiri dakika kumi na mbili, nilihesabu, mpaka akasema, "Mama basi nipe hata sita."

Na nimebandika karatasi kaunta: TASNIFU LETENI PDF, WORD LETENI PIA KWA MAREKEBISHO. Hiyo peke yake imepunguza ugomvi kuliko kitu chochote.

Swali langu la leo basi: kuna mwenye njia ya kupanga hizo picha nane kwenye A4 ndani ya GIMP bila kukokota moja moja? Jumamosi kuna shule inaleta watoto mia na ishirini.

---

MzeeWaMlimani

Usitumie GIMP kupanga, tumia GIMP kukata tu. Kupanga fungua LibreOffice Writer, nenda kwenye Lebo, tengeneza ukubwa wa pasipoti mara moja, safu mbili za nne, weka alama kwenye "linganisha maudhui". Ukiweka picha kwenye lebo ya kwanza ukabonyeza kulinganisha, zote nane zinajaa. Ihifadhi kama kiolezo. Watoto mia na ishirini utawamaliza kabla ya mchana.

---

MamaTona

Nimejaribu sasa hivi na picha yangu mwenyewe. Nane zimejaa, ila moja ya chini imekatwa kichwa. Narekebisha pambizo, nitarudi.