Tupeane uzoefu: dada unayenyanyua vyuma, uliambiwa nini mkono ulipoanza kujaa?

Mleta uzi

Habari zenu wapendwa. Wiki iliyopita nilikwenda kwa fundi kupimwa gauni la harusi ya wifi yangu. Fundi akanizungushia tepu mkononi, juu ya kiwiko, akasoma, akaifungua, akazungusha tena. Kisha akamgeukia wifi, mimi akaniacha nimesimama mikono juu, akauliza, "Huyu dada anafanya kazi gani?" Wifi akaona haya. Akajibu, "Ananyanyua vyuma." Fundi akaandika kipimo kwenye daftari, akasema kwa sauti ya chini kama mtu anayetoa pole, "Basi tutaweka mikono mirefu, haitaonekana."

Nina miaka 34. Huu ni mwaka wa nne niko kwenye vyuma. Uzito wangu ni kilo 68 na nachuchumaa na kilo 90 mabegani, nainuka nazo. Nilitoka pale nimenyamaza, na usiku sikulala nikiwaza maneno mawili ya lugha yetu. La kwanza ni mwanamke wa shoka. Nimeitwa hivyo nilipowasomesha wadogo zangu, nikaitwa tena nilipomuuguza baba miezi saba. La pili ni jike dume. Hilo nilianza kulisikia mabega yalipoanza kutokeza kwenye blauzi. Mwili ni uleule na nguvu ni ileile. Ya kwanza iliwafaa watu, wakaisifu. Hii ya pili nimeitafuta kwa ajili yangu mwenyewe, na inaonekana kwa macho.

Naomba tusimuliane. Kila mtu aeleze yaliyomkuta yeye. Wanaume pia mnakaribishwa, ila semeni ya kwenu.

Muuguzi wa zamu ya usiku

Asante kwa uzi huu, dada. Mimi niko wodi ya wagonjwa wasioweza kujigeuza. Mgonjwa wa namna hiyo unamgeuza kila baada ya saa mbili ili asichubuke mgongo na makalio. Wengine wana kilo 90, wengine zaidi. Miaka sita nilikuwa nageuza watu kwa kutumia kiuno, mpaka asubuhi moja nikashindwa kuinama kufunga kamba za viatu.

Mtaalamu wa viungo ndiye aliyenifundisha kuinua kitu kutoka sakafuni. Tulianza na mpini wa ufagio. Miguu upana wa nyonga, mpini uguse muundi, makalio nyuma, kifua wazi. Vuta pumzi ishuke tumboni, kaza tumbo kama unayesubiri ngumi, halafu isukume sakafu kwa miguu. Usiuvute mpini kwa mgongo. Alinirudisha mwanzo mara nyingi sana siku ile. Baadaye tukaingia kwenye chuma chenyewe, na uzito ukapanda haraka hadi nikashangaa, kwa sababu mwilini hakuna kilichobadilika nje. Akanieleza kwamba wiki za mwanzo ni mishipa ya fahamu inayojifunza kuiamsha misuli ambayo tayari unayo. Misuli yenyewe hukua taratibu, baadaye. Mwezi wa nane tangu nianze nikainua kilo 70, na kiuno sikukisikia tena.

Sasa sikilizeni. Mgonjwa akianguka chini usiku, wanaume wawili wako zamu, lakini jina linaloitwa ni langu. Na haohao wanaoniita, tukikaa chumba cha chai wananiuliza nitaolewa na nani na mikono hii. Nilikuwa nanyamaza. Mwezi uliopita bibi mmoja niliyekuwa namgeuza alinishika kifundo cha mkono, akaniambia, "Mwanangu, wewe mikono yako haitetemeki. Wengine wakinishika naogopa." Tangu siku hiyo chumba cha chai nawajibu.

Mume

Mimi ni mwanaume, mniwie radhi nitakayosema. Mke wangu alipoanza nilimkataza. Sikutamka neno "nakukataza". Nilisema, "Angalia usije ukaharibu umbo," nikalirudia kila alipokuwa anafunga begi. Marafiki waliniambia ipo siku atanipiga. Mwanamke niliyeishi naye miaka tisa, hajawahi kuninyanyulia hata sauti, na bado maneno yale yaliniingia.

Siku ya kuhamisha kabati akashika upande mzito kabla yangu, akaunyanyua. Nilinuna siku mbili, na nilipoulizwa nina nini nilisema nimechoka. Ukweli ni kwamba nilizoea kuwa mtu wa kuitwa kwenye vitu vizito, na sikujua nitakuwa nani nikiacha kuitwa.

Siku hizi Jumamosi tunakwenda pamoja. Chuma chake kitupu, kabla ya kuongezwa uzito pembeni, ni cha kilo 15, changu cha 20. Chake pia ni chembamba, unene wa milimita 25 kwa 28 za changu, ili kiganja kikizunguke vizuri. Nasimama nyuma yake anapochuchumaa. Ukisimama pale, mtu amebeba uzito unaolingana na mwili wake mwenyewe, unasikia anavyoishikilia pumzi kule chini, unaona magoti yakitaka kuingia ndani naye anayarudisha nje, huna nafasi ya kufikiria umbo. Unamwombea ainuke. Na anainuka.

Niliyeacha

Mimi niliacha. Nilikuwa na miaka 22. Kocha alikuja nikiwa katikati ya seti, akachomoa vyuma viwili vya pembeni bila kuniuliza, akasema, "Nyinyi wanawake rudieni mara nyingi na uzito mdogo, msije mkatutumka misuli." Watu walikuwa wanatazama. Nilimalizia kile kilichobaki, nikaoga, nikaondoka moja kwa moja. Sasa nina 29. Nasoma hapa moyo unanidunda.

Mleta uzi

Pole sana mdogo wangu. Chuma kilichopangwa na mtu hakiguswi bila ruhusa yake, awe mwanamke awe mwanaume. Kocha anayejua kazi anajua hilo.

Msema wazi

Naheshimu simulizi zenu, lakini na mimi niseme langu bila kumtukana mtu. Mazoezi ni mazuri. Ila mwanamke akijaa misuli kama mwanaume, mimi binafsi naona hapendezi. Wale wa kwenye mashindano ya kutunisha misuli, sauti zao nzito, ndivyo alivyoumbwa mwanamke kweli?

Mleta uzi

Karibu kaka, umesema kwa adabu nami nitakujibu hivyohivyo, kwa urefu kidogo kwa sababu hapa ndipo penyewe.

Kawaida mtu akiuliza swali lako anajibiwa, "Usiogope, mwanamke hatutumki misuli." Kwa sehemu ni kweli. Testosteroni, homoni inayokuza misuli, ya mwanaume mzima ni zaidi ya mara kumi ya ile ya mwanamke, kwa hiyo misuli yetu hukua, lakini ukubwa ule wa jukwaani haukushukii kwa bahati mbaya ukiwa unanyanyua mara tatu kwa wiki. Wanaofika pale wamekula kwa mizani na kufanya mazoezi miaka mingi, na wapo waliotumia dawa za homoni. Sauti nzito uliyoisikia ni alama ya dawa hizo, na mara nyingi hairudi hata ukiziacha. Siwezi kumshauri mtu yeyote azitumie.

Lakini jibu hilo la "hutatutumka" nimelichoka, na mimi mwenyewe nimewapa dada wengi. Ukilitoa umekubali kwamba kututumka ni aibu, na unachofanya ni kumhakikishia mwenzio kwamba aibu haitamfika. Je, ikimfika? Mimi mgongo wangu umepanuka. Mapaja yangu yameongezeka, suruali za zamani hazipandi. Sikudanganywa, nilitaka. Mashindano ya Ms. Olympia, ya wanawake wanaotunisha misuli, yalianza mwaka 1980, yakasimamishwa baada ya 2014, yakarudishwa 2020, na muda wote huo wanawake wale wametukanwa na watu wasiowafahamu hata kwa majina. Sitaki kusimama upande wangu wa "misuli kiasi" halafu niwatupe wao ili mimi nikubalike.

Kuhusu kupendeza: ni jicho lako, siwezi kukubadilishia. Ninachokuomba ni kwamba ukikutana na dada mwenye mabega, usimwambie. Ameshaambiwa.

Mama mtu mzima

Wanangu, hamjambo. Nina miaka 61. Nikiwa na 56 niliteleza bafuni, nikajikinga kwa kiganja, kifundo cha mkono kikavunjika. Anguko lenyewe lilikuwa dogo, mtoto angeinuka akacheka. Nilipopimwa uzito wa mifupa, daktari akanieleza kwamba hedhi ikikoma estrojeni, homoni ya kike, hushuka, na mwanamke anaweza kupoteza hadi asilimia 20 ya uzito wa mifupa ndani ya miaka 5 hadi 7. Hakuna aliyekuwa amenieleza hilo kabla. Tangu utoto nimeambiwa nitunze ngozi, nitunze nywele, nitunze kiuno. Mifupa sikuambiwa.

Binti yangu ndiye aliyenipeleka kwenye vyuma. Akanisomea utafiti wa Australia: wanawake waliokwisha koma hedhi, mifupa yao imeshapungua, walinyanyua vyuma vizito hasa, nusu saa mara mbili kwa wiki, miezi 8, chini ya uangalizi. Mifupa ya uti wa mgongo sehemu ya kiunoni ikaongezeka uzito, wakati ya wenzao waliofanya mazoezi mepesi nyumbani ikaendelea kupungua. Nikasema basi twende.

Siku ya kwanza sikushika chuma. Niliambiwa niinuke kwenye kiti bila kujishika popote, mara tano. Ya nne nikakwama katikati, miguu inatetemeka, nikarudi kukaa kwa kishindo. Nililia, na si kwa maumivu. Niliona nilikokuwa naelekea.

Leo nainua kilo 45 kutoka sakafuni. Wapo walioniambia, "Mama mtu mzima, na heshima yako?" Hawakuwepo siku binti yangu aliponivalisha nguo za ndani kwa sababu mkono ulikuwa kwenye plasta.

Muuguzi wa zamu ya usiku

Shikamoo mama. Wodini kwetu wanawake wa umri wako waliovunjika nyonga ni wengi mno. Laiti wangekusikia. Shirika la Afya Duniani linashauri watu wazima wote wafanye mazoezi ya kuimarisha misuli angalau siku 2 kwa wiki, lakini mwanamke akifika kliniki anaambiwa tu "tembeatembea".

Mrusha tufe

Nina miaka 19. Shuleni niliitwa kila jina. Mjomba alimwambia mama kwamba michezo ya nguvu inamharibu mtoto wa kike. Nikawa najificha kwenye masweta makubwa hata wakati wa joto.

Kilichonitoa huko ni kusoma habari za waliotangulia. Kunyanyua vyuma kwa wanaume kulikuwepo kwenye Olimpiki ya kwanza kabisa, 1896. Wanawake walisubiri hadi Sydney, 2000. Miaka 104! Na si kwamba wenye nguvu hawakuwepo: Katie Sandwina alikuwa akimnyanyua mume wake juu ya kichwa mbele ya watazamaji wa sarakasi zaidi ya miaka mia moja iliyopita.

Ninayempenda zaidi ni Hidilyn Diaz wa Ufilipino. Wakati wa korona alikwama Malaysia, jimu zimefungwa, akachukua mti wa mwanzi, akauning'iniza chupa kubwa za maji pande zote mbili, akaendelea. Mwaka 2021 kwenye Olimpiki ya Tokyo akainua kilo 127, akaipa nchi yake dhahabu ya kwanza ya Olimpiki katika historia yake. Aliposhusha chuma alijishika uso akalia. Niliitazama video ile na mama. Mama hakusema kitu. Kesho yake aliniuliza viatu vyangu vya kurushia tufe vimechakaa kiasi gani.

Mleta uzi

Mama, mrusha tufe, wote, nimewasoma zaidi ya mara moja. Naleta mrejesho. Jana nilirudi kwa fundi, nikamwambia sitaki mikono mirefu, nataka gauni lisilo na mikono kabisa. Akaniuliza, "Una hakika?" Nikasema nina hakika. Akachukua chaki, akachora mstari pale bega linapoishia, akasita, akasogeza mstari ndani kidogo ili bega litokeze lote. Wifi alikuwa ameketi nyuma. Alisema tu, "Hapo. Hapohapo."

Niliyeacha

Nimekwenda leo asubuhi, jimu nyingine. Chuma kitupu, kilo 15. Seti tatu, mara tano tano. Kuna kaka alikuja pale nilipo, nikashtuka. Aliuliza kama nimebakiza seti ngapi, nikamwambia moja, akakaa pembeni kusubiri.