Mrejesho: ile antivairasi iliyogoma baada ya apdeti
Wakuu shukran sana. Kwa waliopitwa, niliuliza mbona laptopu ya duka letu hapa Langoni, Lamu, ilipopanda kutoka Windows 10 kwenda 11 antivairasi ikawa yaandika imezimwa na nikibonyeza kuiwasha haitiki. Kuifuta kawaida hakukutosha, mabaki yake bado yaliiambia Windows kuna mlinzi mwengine ndo maana hata Defender, antivairasi ya Windows yenyewe, ilikuwa imekaa pembeni, basi nikashusha kifutio cha kampuni yenye hiyo antivairasi, nikakiendesha kwenye sefu modi (Windows ikiwaka na vitu vya lazima tu), nikarestati nikaweka toleo jipya. Leseni ileile imekubali. Bando la kushusha vyote hivyo ndo limeniuma wallahi. Na wewe ulosema nifomati yote, madeni ya wateja yamo humo ndugu yangu! Flashi ya kwanza ya mteja kuiskani, imejaa vairasi ya shotikati, ile yaficha mafaili na kuacha shotikati bandia.