Mrejesho: yule wa Newala mwenye baridi yabisi na pumzi kukata

Habari zenu ndugu. Niliuliza kama baridi yabisi hufika moyoni, maana vidole vinavimba na kukakamaa hadi saa nne asubuhi, na nikipandisha na ndoo nahema kama nimekimbizwa.

Jibu: hufika. Nilishuka Mtwara mjini, daktari akaniambia kinga ya mwili ndiyo inayoshambulia viungo, na uvimbe huo hudhuru mishipa ya damu, hata ngozi inayozunguka moyo huweza kujaa maji. Nikapimwa umeme wa moyo, kisha moyo wenyewe kwa mashine ya picha. Alhamdulillahi, uko sawa. Kilichokuwa kinanikata pumzi ni upungufu wa damu. Presha nayo ilikuwa juu, na hapo nilikemewa: miaka miwili nanunua diklofenaki, dawa ya maumivu inayoweza kupandisha presha, dukani kama pipi!

Sasa natumia methotreksati, dawa ya kutuliza hiyo kinga ya mwili, mara moja TU kwa wiki. Naandika kwa herufi kubwa kwa sababu mimi mwenyewe nilimeza siku mbili mfululizo, nikapiga simu kwa nesi natetemeka. Siku hizi ni Ijumaa, basi. Foliki asidi (vitamini ya kupunguza madhara ya dawa hiyo) namezea siku nyingine, na damu napima mara kwa mara kuangalia ini.

Uraka, pombe yetu ya mabibo, nimeambiwa nisiuguse (shemeji zangu wamehuzunika kuliko mimi). Kubangua korosho nimewaachia wanangu. Vidole vilianza kulegea baada ya wiki kama nane hivi. Jana nimefunga vifungo vya gauni mwenyewe.