Ushauri: Krismasi hii twende Hamburg kwa shemeji, au Machame kwa bibi kama kila mwaka?

Mama Eliya wa Tabata

Wakuu habari zenu, na poleni na foleni ya Mandela.

Kuna jambo linaninyima usingizi na sitaki kulifikisha kwa ndugu kabla sijasikia maoni ya watu wasionijua. Mimi na mzee tunaishi Tabata, tuna watoto wawili, mkubwa miaka tisa, mdogo minne. Mzee ni Mchaga wa Machame, kwa hiyo Desemba mnajua ni ya nani. Tangu tuoane Krismasi ni kule tu: mbuzi, mtori, ibada usharikani, na mashangazi wanakukagua kuanzia ususi wa kichwani mpaka unavyoshika mwiko. Silalamiki. Nimezoea, na mama mkwe ananipenda kweli.

Sasa mwaka huu shemeji yangu, mdogo wake mzee, katuita Hamburg. Mkewe kajifungua mapacha, wamehamia nyumba yenye nafasi, na anasema amechoka kuiona Krismasi ya nyumbani kwenye simu. Kulala na kula juu yake, nauli na viza juu yetu. Pesa ya nauli ipo, tulikuwa tunaikusanya kwa ajili ya geti na tangi la maji. Watoto wameshasikia neno theluji, basi nyumbani hakuna amani.

Kinachonikwaza: nina duka la nguo za watoto Kariakoo na Desemba ndiyo navuna. Halafu Januari ada inanisubiri mlangoni. Lakini hayo yote nayaweza. Mzigo wenyewe ni mama mkwe. Baba alishatangulia, mama yuko na msaidizi tu, na mzee hathubutu kumwambia. Eti "wewe ndiye unayejua kuongea naye". Najua kitakachofuata: itasemwa mke wa Dar kamzuia mtoto wa watu asirudi kwao.

Naombeni ushauri, hasa mlioko Ujerumani au mliowahi kusafiri na watoto kipindi hicho. Wenye kejeli wapite kushoto.

Msela wa Ilala

Mchaga akose Moshi Desemba? Kikao cha ukoo kitakaa kabla ndege haijawasha injini. Nimekaa pale nasubiri wajuzi.

Kijana wa Altona

Mama Eliya, niko hukuhuku Hamburg. Nikupe yale ambayo shemeji yako huenda hakuyasema kwa sababu kwake ni kawaida.

Krismasi ya huku ni tarehe 24 jioni, siyo 25. Zawadi zinafunguliwa usiku huo, na makanisa yanafurika jioni hiyohiyo hata kwa watu ambao mwaka mzima hawakanyagi. Kama ninyi ni Walutheri mtajisikia nyumbani, kanisa la St. Michaelis pale mjini ni la Kilutheri na ni zuri ajabu. Wahini kufika, mkichelewa mtasimama. Ila usitegemee karamu. Nyumba nyingi usiku wa 24 wanakula saladi ya viazi na soseji, wamemaliza. Bata bukini anakuja kesho yake. Mara ya kwanza nilikaa mezani nikidhani hicho ni kitangulizi.

Maduka tarehe 24 yanafunga mchana kama saa nane. Tarehe 25 na 26 zote ni sikukuu, hakuna duka, hakuna "ngoja nikimbie kwa Mangi". Maziwa ya watoto na dawa za mafua vinunuliwe tarehe 23.

Yale masoko ya Krismasi yenye taa mnayoyaona kwenye picha, mengi yanafungwa karibu tarehe 23. Mkitua tarehe 24 mtakuta mafundi wanabomoa vibanda. Fikeni mapema, angalau tarehe 18 au 19, watoto wazunguke soko la pale Rathausmarkt, uwanja wa mbele ya ukumbi wa jiji, wale lozi za sukari.

Kuhusu theluji, waambieni watoto ukweli mapema. Hamburg Desemba ni mvua na upepo, theluji siku ya Krismasi ni bahati. Jua linatoka baada ya saa mbili na nusu asubuhi na saa kumi jioni limeshazama. Mdogo wa miaka minne atakuuliza kwa nini tunakunywa chai ya asubuhi usiku. Mpelekeni Miniatur Wunderland, ile reli ya mfano, ya vitreni vidogo, iliyo kubwa kuliko zote duniani, lakini tiketi zikatwe wiki kadhaa kabla, msimu huo inajaa vibaya. Na tarehe 31 usiku mji mzima unalipua fataki, kama mtoto anaogopa radi jiandaeni.

Hesabu Kimara

Mimi nizungumzie makaratasi, maana hapo ndipo ndoto nyingi hufia.

Viza ya Schengen, yaani ile ya muda mfupi ya kuingilia Ujerumani na nchi nyingine za Ulaya, kwa sasa ni yuro 90 mtu mzima, mtoto wa miaka 6 hadi 11 ni 45, chini ya 6 bure. Kwenu ninyi ni 90 mara mbili, 45 ya mkubwa, mdogo halipi: jumla 225. Maombi yanapokelewa kuanzia miezi 6 kabla ya safari, na mwisho siku 15 kabla. Hizo 15 msizichezee, maana jibu lenyewe kwa kawaida linachukua siku 15 na wakitaka wanaweza kulivuta hadi 45. Sasa hivi ni Agosti, tafuteni miadi wiki hii. Wengi wanaolia Novemba hawajanyimwa viza, wamekosa miadi tu.

Shemeji aende ofisi ya wageni ya mji wake asaini hati rasmi ya kuwadhamini. Barua ya "karibuni sana ndugu zangu" pekee haina uzito. Bima ya safari iwe ya angalau yuro 30,000 na iguse siku zote mtakazokuwa huko. Pasipoti ibaki na uhai wa miezi 3 baada ya tarehe ya kutoka Ulaya. Watoto wenu hawatolewi alama za vidole wakati wa kuomba, wako chini ya miaka 12.

Kitu cha mwisho ndicho kinachoamua: mthibitishe kwamba mtarudi. Barua ya mwajiri wa mzee yenye tarehe za likizo, taarifa za benki, leseni ya duka lako na namba ya mlipakodi, barua ya shule kuonyesha watoto wanaanza muhula Januari. Wewe unaliona duka ni kikwazo, ubalozini ndilo shahidi wako mkubwa.

Na kama mzee atawahi kurudi kazini akuache na watoto, beba barua ya ridhaa yake iliyogongwa muhuri na wakili. Mama anayesafiri peke yake na watoto anaulizwa.

Kariakoo Damu

Dada hapo kwenye duka nipo kinyume na wote. Desemba! Nguo za watoto! Watu tunauza siku ishirini pale kuliko miezi minne. Ukimwachia kijana duka wiki ya mwisho utakuta daftari limenyooka na kabati limepungua. Kama lazima uende, ondoka ukiwa umeshauza jumla kwa wateja wa mikoani, maana wao wananunua Novemba mwishoni. Halafu mlete ndugu yako wa damu akae kaunta. Mimi nisingeenda, lakini mimi ni mimi.

Bibi Kibosho

Mwanangu Mama Eliya, nimesoma yote. Mimi ni mama mkwe wa watu watatu, acha nikusemee.

Kwanza, mwenye kuongea na mama ni mwanawe. Siyo wewe. Ukienda wewe utakuwa umebeba kesi isiyo yako, hata kama anakupenda. Mwambie mzee wako apande basi, aende wikiendi moja, akae jikoni na mama yake amwambie uso kwa uso. Simu hapana. Mama akisikia jambo kama hili kwenye simu, anabaki na simu mkononi na majirani wanaingia.

Pili, mnadhani mama analilia tarehe 25. Sisi tunalilia wajukuu. Shule zinafunga mwanzoni mwa Desemba. Wapelekeni watoto Machame mara tu wakifunga, wakae na bibi yao wiki mbili nzima, siyo zile siku nne za kila mwaka ambazo nusu mnashinda kwenye harusi na vipaimara. Chinjeni mbuzi tarehe 15, nani kakataza? Halafu msirudi Dar. Kateni tiketi ya kuondokea KIA, uwanja wa ndege wa Kilimanjaro. KLM na Ethiopian zote zinapakia pale, na KIA iko hukohuko Hai, bibi mwenyewe anaweza kuwasindikiza. Kurudi mnashukia Dar moja kwa moja, wewe unakwenda kwenye duka lako.

Na kama mama ana pasipoti mchukueni.

Msela wa Ilala

Bibi Kibosho apewe jukwaa zima. Shikamoo.

Hesabu Kimara

Naunga mkono la KIA. Ila kwenye maombi ya viza ratiba ya ndege iandikwe hivyohivyo, kutokea KIA na kurudi Dar, na tarehe zilingane na za bima na za barua ya mwajiri. Afisa anasoma tarehe kwanza, hadithi baadaye.

Mama Eliya wa Tabata

Wakuu, mrejesho.

Mzee alikwenda. Alipanga hotuba kuanzia Chalinze mpaka Same, kufika akakuta mama anachambua maharage, akakaa, akasema. Mama akauliza swali moja tu: "Hao mapacha wamebatizwa?" Mzee akasema bado. Mama akasema basi nendeni, mtu mzima wa ukoo awepo, na waulizeni majina ya babu yao wamempa nani. Mzee karudi amenywea. Muda wote huo tulikuwa tunaogopa kivuli!

Kuja amekataa, anasema ng'ombe hawajui Krismasi. Sharti lake ni kwamba watoto wafike kwake shule zikifunga tu, na tarehe 24 tumpigie kabla hajalala.

Miadi tumepata. Duka atakaa mdogo wangu wa kike, na nitaondoka Dar tarehe 14 baada ya kumaliza wateja wa jumla. Nitapoteza mauzo, nimeshakubali.

Sasa kuna jipya. Mama anataka tumpelekee mwanawe maziwa mgando, nyama ya kukausha, embe na ndizi za mtori. Hivi vinapita?

Kijana wa Altona

Nyama na maziwa hapana kabisa. Bidhaa za nyama na maziwa kutoka nje ya Umoja wa Ulaya haziruhusiwi kwenye begi la abiria, wanavitupa na faini juu. Embe nazo zinahitaji cheti cha afya ya mimea, achana nazo. Ila ndizi ruksa! Ndizi, nanasi, nazi na tende zimesamehewa cheti. Dagaa pia wanapita, samaki mnaruhusiwa hadi kilo 20 za matumizi yenu. Ndizi zifungwe zikiwa mbichi kabisa, kwenye gazeti, katikati ya nguo, zisigusane na begi.

Simu kwa bibi: majira ya baridi sisi tuko nyuma yenu saa mbili. Mkipiga saa kumi jioni ya huku, Machame ni saa kumi na mbili, atakuwa bado macho.

Kariakoo Damu

Haya dada, umeshinda. Makoti usinunue kwenye maduka ya vioo Mlimani City, utalia. Nenda mitumba ya Karume asubuhi mapema siku wanayofungua robota, uliza makoti ya baridi ya watoto. Hayana wateja hapa mjini, wanakupa kwa bei ya fulana. Kagua zipu na mifuko, na chukua namba moja zaidi ili sweta mbili ziingie ndani. Viatu usichukue mitumba, vya mvua shemeji awanunulie hukohuko.

Kijana wa Altona

Na Mama Eliya, kama begi litabaki na nafasi, dagaa wa Mwanza kilo mbili za ziada. Nalipa.