Mahakama ilishabatilisha vifungu vya 13 na 17 vya Sheria ya Ndoa, mbona baba bado anavishika mkononi?

Msaidizi wa Kata

Wakuu, naomba msaada wa haraka. Mimi ni msaidizi wa kisheria wa kujitolea kwenye kata moja wilayani Kahama. Juzi usiku mama mmoja alikuja kwangu amejifunika khanga asitambulike. Binti yake ana miaka 16, alimaliza darasa la saba na hakuendelea. Posa imepokelewa, ng'ombe wanne wameshaingia zizini, waliobaki wanaletwa baada ya mavuno.

Asubuhi nikaenda kwa mzee mwenyewe. Alinisikiliza kwa adabu, akaingia ndani, akarudi na kopi ya Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, imekunjwa mara nne na kifungu cha 13 kimepigiwa mstari kwa kalamu ya bluu: mwanamume miaka 18, mwanamke 15. Akanionyesha na cha 17, kwamba binti aliye chini ya miaka 18 anahitaji ridhaa ya baba. "Binti yangu, baba ni mimi, na ridhaa nimetoa. Nimevunja sheria gani?"

Nikamwambia Mahakama Kuu ilishasema mwaka 2016 kwamba vifungu hivyo vinakwenda kinyume na Katiba. Akauliza: "Sasa mbona bado vimo?" Hapo nikakwama, na nimelala na swali hilo siku mbili. Mahakama ikibatilisha sheria, nini hasa kinatokea? Maneno yanabaki kwenye kitabu kama kaburi lisilo na mtu, au bado yana nguvu?

Joho Jeusi

Dada, hongera kwanza kwa kwenda mpaka kwa mzee. Wengi tungeishia kwa mtendaji.

Kesi unayoizungumzia aliifungua Rebeca Gyumi, mwanaharakati wa haki za wasichana. Tarehe 8 Julai 2016 Mahakama Kuu ilikubaliana naye kwamba kumruhusu msichana kuolewa akiwa na miaka 15, na hata 14 kwa kibali cha mahakama, huku mvulana akisubiri 18, kunavunja haki ya usawa iliyo kwenye ibara za 12 na 13 za Katiba. Serikali ikapewa mwaka mmoja kurekebisha, umri uwe 18 kwa wote. Mwanasheria Mkuu wa Serikali akakata rufaa. Mahakama ya Rufani ikaitupa tarehe 23 Oktoba 2019, na juu yake hakuna mahakama nyingine nchini.

Jibu la mzee liko ibara ya 30(5) ya Katiba, ambayo hata mawakili huisahau. Mahakama Kuu ikiona sheria inakiuka haki za msingi, si lazima iifute palepale. Inaweza kuipa Serikali au Bunge muda wa kurekebisha, na katika muda huo sheria inahesabiwa kuwa halali. Ila soma mwisho wa ibara: uhalali huo unadumu mpaka marekebisho yafanyike au muda uishe, na muda ulio mfupi ndio unaoshika. Hata ukianza kuhesabu upya tangu rufaa ilipotupwa, mwaka uliisha Oktoba 2020 bila marekebisho. Kwa hiyo msimamo wangu, na ningeusimamia mbele ya jaji yeyote, ni kwamba kilichomlinda mzee kilikufa siku ile. Mahakama haiendi kuchana kurasa za kitabu. Kazi ya kufuta maneno ni ya Bunge, na hilo ndilo jeraha la nchi yetu kwenye jambo hili.

Baba wa Watatu

Mimi nina mabinti watatu na sipendi hata mmoja aolewe mapema. Lakini mnamwambia nini mzazi wa kijijini anayeogopa mtoto atapata mimba nyumbani? Kwake ndoa ni stara.

Joho Jeusi

Ndugu yangu, hofu hiyo ni ya kweli, na Serikali yenyewe iliipeleka Mahakama ya Rufani: kwamba vifungu vile vinamkinga msichana na mimba za nje ya ndoa. Majaji hawakukubali. Mtoto wa miaka 15 aliye kwenye ndoa anabeba mimba ileile kwa mwili uleule. Na ona hatari nyingine: Kanuni ya Adhabu inahesabu kuwa ni ubakaji kumwingilia msichana wa chini ya miaka 18 hata akikubali, isipokuwa ni mke wa mtu huyo, ana miaka 15 au zaidi na hawajatengana. Cheti cha ndoa ndicho kinachomwondolea binti huyu ulinzi. Angekuwa shuleni, Sheria ya Elimu baada ya marekebisho ya 2016 ingempeleka muoaji jela miaka 30. Huyu wa kwenu kamaliza la saba, kaangukia kwenye pengo.

Mjukuu wa Kilifi

Huku Kenya mambo hayanyooki pia. Ibara ya 2(4) ya Katiba ya 2010 inasema sheria yoyote inayokinzana nayo ni batili. Tarehe 14 Desemba 2017 Mahakama ya Juu ilisema hukumu ya kifo ya lazima kwa mauaji ni kinyume cha Katiba. Wafungwa wa makosa mengine nao wakaanza kuomba wahukumiwe upya, mpaka Julai 2021 mahakama ikalazimika kufafanua kwamba uamuzi ule ulihusu mauaji peke yake.

Msaidizi wa Kata

Asanteni sana. Jana nilirudi, safari hii na afisa ustawi wa jamii. Nilimsomea mzee ibara ya 30(5) kutoka kwenye Katiba ya Kiswahili, mstari kwa mstari, nikimwonyesha kwa kidole. Alinyamaza kitambo. Akaniomba nirudie pale penye "muda". Kisha akasema ng'ombe hawezi kuwarudisha bila kikao cha ukoo, na kikao ni Jumamosi.

Wazee wataomba maandishi ya mahakama yenyewe, na hukumu niliyonayo ni ya Kiingereza. Joho Jeusi, unaweza kunitafsiria ile amri ya mwisho tu, kabla ya Ijumaa jioni? Naichapisha mjini nakala kumi, na moja nitampa yule mama.